Ndege Darasani

Kutoka bichi ya Kisangani, kama Wakongo wanavyoliita gati, hadi Lubunga ng'ambo ya pili ni mwendo mfupi wa mtumbwi wa mashine. Asubuhi ile tulipakiwa pamoja na baiskeli mbili, katoni za sabuni na mbuzi aliyefungwa miguu. Nahodha alitupanga kwa uzito, huyu huku, yule kule, mpaka kingo zikakaa sawa juu ya maji. Mama mmoja mwenye kitenge cha kijani hakungoja kupangwa. Alishuka hadi sakafuni, katikati ya chombo, akamketisha mwanawe mbele yake na kumbana kwa magoti kama mtu anayesuka nywele.

Mtoto mwenyewe hakuwa mdogo. Alikuwa mvulana wa miaka kumi na moja au kumi na miwili, shati jeupe na kaptula ya buluu, sare ya shule za Kongo. Wa rika lake walikuwa wameketi ukingoni wakichezea maji kwa vidole. Yeye alitazama miguu ya abiria njia nzima. Nikajisemea moyoni kwamba mtoto huyu anadekezwa. Mkononi mama alikuwa na bahasha ndogo ya vidonge, na tulipofika hakumwachia mwanawe mpaka wote wawili walipokanyaga mchanga mkavu.

Kisangani ni mji uliozaliwa na maji. Stanleyville ya zamani ilikaa hapa kwa sababu meli zinazopanda mto kutoka Kinshasa haziwezi kwenda mbele zaidi. Juu ya mji, Mto Kongo unavunjika katika maporomoko saba ya Boyoma, na ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kutoka ukingo huu wa Lubunga hadi Ubundu, ili kuyazunguka. Kwenye maporomoko ya mwisho, Wagenia husimika magogo katikati ya mawe na kuning'iniza migono mikubwa ya kutegea samaki. Kila mgeni hupelekwa huko kupiga picha, nami nilipelekwa. Mto Tshopo, ulioupa jina mkoa huu tangu Jimbo la Mashariki lilipogawanywa mwaka 2015, nao una maporomoko yake upande wa kaskazini, na bwawa linaloupa mji umeme.

Maji yanayokwenda kasi namna hiyo ndiyo anayoyapenda nzi mdogo mweusi anayeleta usubi. Hutaga humo, kisha huuma watu ukingoni na kuwaachia vijidudu vinavyokuwa minyoo chini ya ngozi. Wengi wetu tunaujua usubi kwa upofu, na kwa Kiingereza na Kifaransa umeitwa hivyo, upofu wa mtoni. Lakini una mkono mwingine. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kisangani, wamepita katika vijiji vya misitu hii ya kaskazini-mashariki mwa Kongo wakakuta kifafa kimezidi kiasi pale ambapo usubi umeshamiri. Mtoto huzaliwa mzima, hutambaa, hutembea, huongea. Halafu kati ya umri wa miaka mitatu na kumi na minane, umri uleule wa kwenda shule, huanza kuanguka.

Kilingala, ambacho mjini hapa kinazungumzwa bega kwa bega na Kiswahili, kinakiita kifafa ndeke, yaani ndege. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mtoto mdogo akikakamaa kwa homa tunasema ana degedege, jina ambalo pia ni la mdudu mwenye mabawa arukaye usiku. Watu wa msituni na watu wa baharini, bila kuulizana, walitazama mwili mdogo unaotetemeka wakaona kitu kimoja: mabawa yanapigapiga.

Shule niliyokuwa naiendea ina paa la bati na ubao uliopakwa rangi nyeusi moja kwa moja ukutani. Direkta alinikabidhi kwa mwalimu wa kalasi ya nne, mama wa makamo, ambaye alinitafutia kigoda nyuma na kuendelea na hesabu za kugawanya. Tangu serikali ilipoifanya elimu ya msingi kuwa bure mwaka 2019, watoto wamekuja kwa wingi kuliko madawati. Humu walikuwa wamekaa wanne wanne penye nafasi ya wawili, kiwiko juu ya kiwiko.

Mvulana wa mtumbwini aliingia amechelewa. Mwalimu hakumuuliza kitu. Dawati la pili la safu ya kati, watoto watatu walisogea bila kuambiwa, naye akaketi ndani, si pembeni. Nilishangaa, maana aliyechelewa kwa kawaida hupewa mlango.

Haikupita nusu saa. Nilisikia sauti fupi, kama ya mtu aliyekabwa na tonge, na kalamu ikaanguka sakafuni. Mtoto aliyekaa kulia kwake alisema, bila kupiga kelele, "Mwalimu, ndeke." Mambo yaliyofuata yalikwenda kama ngoma iliyochezwa mara nyingi. Wawili wa nyuma walivuta dawati lao. Aliyesema alimshika mwenzake kwapani na kumlaza chini taratibu. Mwingine aliingiza mkoba wa kitambaa chini ya kichwa. Mwalimu alipiga magoti, akalegeza kifungo cha shingo, akaitazama saa yake. Hakumshika mikono wala miguu kuizuia. Hakutia kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Mtikisiko ulipopungua alimgeuza kwa ubavu ili mate yatoke nje yasimzibe koo, akayafuta kwa upindo wa kitenge chake.

Na darasa? Darasa lilikuwa linanakili hesabu. Sikusikia ila mikwaruzo ya kalamu. Kumbe ndiyo amri aliyowapa tangu mwanzo wa mwaka: wenye kazi wafanye kazi, wengine waandike, asisogee mtu kuja kutazama. Dakika mbili hazikutimia. Mvulana alilazwa kwenye mkeka nyuma ya meza ya mwalimu, akapitiwa na usingizi mzito.

Hapo nikaona kitu ambacho ningesafiri tena kukiona. Jirani yake wa kulia alimaliza kunakili hesabu zote, akafunga daftari lake. Kisha akavuta daftari la mwenzake aliyelala, akafungua ukurasa mpya, akaanza upya kutoka namba moja.

Nina sababu ya kusimulia haya kwa kituo. Nikiwa darasa la tano, miaka mingi iliyopita, mwenzetu mmoja alianguka katikati ya somo la jiografia. Tulikimbia. Mwalimu alikuwa mbele yetu mlangoni. Tuliporudi tulimkuta amejigonga kwenye mguu wa dawati, damu na mate vimechanganyika shavuni, naye anatutazama kama anayetaka kuuliza tulikuwa wapi. Hakuna aliyemgusa, kwa kuwa sote tulijua, kama tulivyojua jedwali la kuzidisha, kwamba povu la kifafa likikugusa nawe umekipata. Wiki iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu, na hatukuambiwa lolote.

Imani hiyo ya povu nimeikuta Tshopo vilevile, neno kwa neno. Mwalimu aliniambia kwamba mwaka wa kwanza wa mtoto huyu wazazi kadhaa walimjia wakitaka aondolewe. Aliwaita siku ya mkutano, mtoto akiwepo, akala naye kikwanga kwenye sahani moja mbele yao. "Hotuba nilikuwa nayo," alisema, "lakini sahani iliwatosha."

Tuliongea wakati wa mapumziko, chini ya mwembe. Dawa ya mtoto ni fenobarbitali, ya bei ndogo na ya miaka mingi, kidonge kimezwe kila usiku. Zilikuwa zimemwishia siku chache kabla. Mama alipopata nauli ya kuvuka alikwenda kuzichukua, na ndiyo safari niliyowakuta nayo. Kukatiza dawa ghafla huita kifafa kirudi, wakati mwingine kwa nguvu zaidi, na asubuhi ile kilikuwa kimerudi. Hata magoti yale ya mtumbwini nikayaelewa. Mtoto wa kifafa akianguka chini huumia, akianguka motoni huungua, akianguka majini hufa. Hapa kila nyumba huteka, hufua au huvua mtoni, kwa hiyo mvulana huyu hatumwi maji peke yake, na akipanda chombo hukaa katikati.

Dawa nayo ina deni lake. Fenobarbitali hulegeza, huleta usingizi na kupunguza umakini, hasa saa za asubuhi. Mwalimu alikiri kwamba muhula mzima alimchukulia mvulana kuwa mvivu. Alipoketi na muuguzi ndipo akajua. "Papa, uyu mutoto haiko zoba," aliniambia kwa Kiswahili cha Kisangani. "Ni dawa njo inamulalisha." Tangu hapo humwita ubaoni somo la tatu, si la kwanza. Mtihani wake humkatia vipande viwili, na katikati humwacha apunge upepo. Akiwa ameanguka siku hiyo, hamwulizi swali hadi kesho yake, kwa sababu kumbukumbu ya saa zilizotangulia huenda isirudi. Na mahali pa kuketi alipachagua kwa macho: mbali na dirisha lisilo na nondo, mbali na ukingo wa saruji ulio mbele ya ubao, katikati ya watoto watatu wasio na papara.

Hesabu gharama ya hayo yote. Mkoba wa mtoto mwingine, mkeka, saa ya mkononi, upindo wa kitenge.

Sizungumzi hivi ili kuisamehe serikali. Kongo imeridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 ikatunga sheria yake yenyewe ya kuwalinda na kuwainua. Sheria hiyo haijavuka mto kwa mtumbwi. Mwalimu huyu hajaletewa kitabu wala semina. Alichojua alifundishwa na muuguzi wa zahanati kwa nusu saa, wamesimama. Isingekuwa nusu saa ile, mvulana angekuwa nyumbani, nasi tungesema amekosa akili.

Wala si jambo la Kongo peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kwenye milima ya Ulanga, Morogoro. Aliwakuta watoto waliofichwa na ndugu zao, na akaandika habari za wale ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama na kuinuka, wenyeji wakisema mtoto "amesinzia kichwa". Miaka mingi baadaye kusinzia kulekule kulionekana Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, na Sudan Kusini. Kote huko kuna mito ya kasi, na kote huko kuna usubi. Namna minyoo inavyouchokoza ubongo bado haijafumbuliwa, lakini uhusiano umeonekana mahali pengi mno kuweza kupuuzwa.

Dawa ya kuzuia ipo. Ivermektini, ambayo wagunduzi wake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutolewa bure vijijini tangu kampuni ya Merck ilipoahidi hivyo mwaka 1987. Mgawaji hupita na fimbo yenye alama, mtu husimama kando yake, na urefu wake ndio husema ameze vidonge vingapi. Kazi hiyo ina miiba katika misitu ya Kongo, kwa sababu kuna mnyoo mwingine, loa loa, ambao ukimjaa mtu humfanya aathirike vibaya na dawa. Watu huogopa, wengine hukataa, na mwaka unaorukwa mnyoo hauruki. Kwa waliokwisha kuanza kuanguka, Shirika la Afya Duniani linasema hadi 70 kati ya kila wagonjwa 100 wanaweza kuishi bila kifafa wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Duniani wagonjwa wenyewe ni kama milioni 50.

Jioni nilirudi bichi. Darasani nilikuwa nimemwacha mvulana ameamka, uso umevimba usingizi, anasoma daftari lake lenye mwandiko usio wake. Alifika hesabu ya nne, akachukua kifutio, akasahihisha kosa la rafiki yake.

Nawe mwalimu unayesoma haya, uwe Lubunga, Mahenge au Lushoto, huhitaji kungoja waraka. Jumatatu, kabla ya somo la kwanza, waonyeshe watoto namna ya kumlaza mwenzao kwa ubavu, waambie wasimtie kitu mdomoni, na waambie kwamba zikipita dakika tano kwenye saa yako atakimbizwa zahanati. Kisha andika ubaoni kwa herufi kubwa, usifute mpaka jioni: kifafa hakiambukizwi kwa mate.