Fromaji ya Kafutuma

Sisi watu wa ziwa hatunywi maziwa ya mbuzi. Mbuzi tunamjua vizuri: ni mahari, ni kilio, ni sare za shule mwezi wa Januari. Unamfunga chini ya mwembe, na siku mtoto akiugua unampeleka sokoni Kashikishi. Lakini kumkamua? Mama yangu kule Pweto angecheka mpaka aanguke. Kwa hiyo niliposikia kwamba pale Kafutuma kuna familia inayokamua mbuzi na kutengeneza jibini, yaani fromaji kama tunavyosema sisi Wakongomani, niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka Mantapala, nikapanda baiskeli ya kukodi, nikaenda.

Sikwenda kutembea tu. Nilikuwa nimesikia pia kwamba wenye shamba wanatoa mbuzi jike kwa mgao: unamtunza, akizaa, mtoto jike wa kwanza unamrudisha kwa mwenyewe, na mama anabaki kuwa wako. Nina watoto watatu na kiwanja cha mihogo. Mbuzi sina.

Shamba si kubwa. Ni lima tatu hivi, mihogo upande mmoja, mahindi upande mwingine, na banda la miti lililoinuliwa juu ya ardhi ili mavi na mkojo vianguke chini na miguu ya mbuzi ibaki mikavu. Mke ni mzaliwa wa hapa. Ardhi aliipata kwa mjomba wake. Mume anatoka Masisi, kule Kivu ya Kaskazini. Jirani zake wanamwita Papa Fromaji, na yeye anaitika.

Wasomaji wa mashirika mliofika Goma mtakuwa mnaijua fromaji ya Masisi, ile ya duara, ya manjano, inayouzwa barabarani. Ni ya maziwa ya ng'ombe. Mapadri kutoka Ulaya ndio walioleta ujuzi huo kwenye vilima vile, na wamonaki wa Mokoto walikuwa na jina lao katika kazi hiyo. Halafu vita ikaja. Mwaka 1996 watu waliokimbilia kwenye monasteri ya Mokoto walishambuliwa, wengi wakauawa, na ng'ombe wa Masisi wakaporwa kwa makundi. Papa Fromaji alijifunza kazi akiwa kijana, kwenye kiwanda kidogo cha jirani yao. Alipotoka alitoka na mikono yake tu. "Ngombe haiwezi kukukimbilia mu mufuko," alisema. "Lakini kazi inakimbia na weye."

Ng'ombe hana, na hapa ziwani si nchi ya ng'ombe. Ana mbuzi kumi na mmoja wa kienyeji, na kati yao anakamua watano. Jioni watoto wa mbuzi wanatengwa na mama zao. Asubuhi anakamua mara moja, halafu anawaachia watoto wakae na mama zao kutwa nzima. Mbuzi mmoja anatoa nusu lita, akiwa amekula vizuri robo tatu. Nilimwuliza kwa nini asikamue na jioni.

"Acha mutoto ashibe," alisema. "Ukimunyima mutoto maziwa, mwaka kesho hauna mbuzi, hauna fromaji."

Na ile harufu? Nilikuwa nimejitayarisha kuvumilia. Alinipa kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, nikanywa, sikusikia chochote cha ajabu. Akanionyesha beberu wake amefungwa mbali, nyuma ya mihogo. Harufu tunayoisingizia maziwa mara nyingi ni ya beberu: akilala pamoja na majike, au mkamuaji akimshika kabla ya kushika chuchu, maziwa yanaichukua.

Kazi yenyewe niliifuata hatua kwa hatua. Maziwa yanachujwa kwa kitambaa cheupe, yanawekwa motoni polepole mpaka yawe ya moto sana, na yanaachwa kwenye joto hilo nusu saa. Hapo hana mchezo, maana maziwa mabichi ya mbuzi yanaweza kumpa mtu ugonjwa wa homa zisizoisha na maumivu ya viungo. Halafu yanapoa mpaka yawe na joto kama yanapotoka kwenye kiwele. Ndipo anatia dawa yake. Dawa ni kipande cha tumbo la nne la mbuzi mchanga aliyekuwa bado ananyonya, lililokaushwa kwa chumvi, likalowekwa usiku kwenye maji kidogo. Tumbo hilo ndilo linalogandisha maziwa ndani ya mtoto wa mbuzi, na kwenye sufuria linafanya kazi ileile. Baada ya saa moja hivi sufuria inatetemeka kama uji wa juzi. Anakata kwa kisu, miraba miraba, maji ya kijani-njano yanapanda juu. Yale maji mke wake anayakandia mandazi. Mabonge yanaingia kwenye kopo la plastiki lililotobolewa kwa msumari, juu jiwe, na kesho yake yanalazwa kwenye maji ya chumvi.

Lita kumi za maziwa zinatoa kilo moja ya fromaji. Yeye kwa siku anapata lita mbili na nusu. Piga hesabu: kipande kimoja kinachojaa kiganja. Na kabla ya hapo ametoa kikombe kwa kila mtoto wa nyumba yake.

Shida yake kubwa ilikuwa joto. Masisi ni juu, kuna baridi, fromaji inalala juu ya mbao wiki nyingi inakomaa. Huku Mweru, siku ya tatu inatoa jasho, ya nne inzi wameshaijua. Mwaka wa kwanza alitupa nyingi. Aliyemtoa kwenye shida ni mke wake. "Mukwai, kwetu hapa kila kitu tunakitia moshi," alimwambia. Akaipanga juu ya kichanja cha samaki, moshi wa chini, bila mwali, siku mbili tatu. Ikashika rangi ya kahawia, ngozi ikakauka, ikakaa.

Tena wakati wake unafaa. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali ya Zambia inafunga uvuvi ili samaki wazaliane. Vichanja vinakaa vitupu, nyumba nyingi za pwani zinabana tumbo. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya mvua, majani yamejaa, mbuzi wana maziwa. Pale ambapo samaki anakosekana, fromaji inachukua nafasi yake motoni. Nilifika Januari, nikakuta vipande tisa juu ya kichanja ambacho mwezi wa Agosti kingebeba samaki. Wateja ni walimu, wauguzi, na watu wa Lusaka wanaofanya kazi kambini. Majirani wanabadilisha kipande kwa meda moja ya unga wa mihogo.

Nilipokula, kusema kweli, mdomo ulishtuka: chumvi, moshi, na uchachu wa mbali. Kipande cha pili nilikiomba mwenyewe. Nimesoma kwamba Mgeta, kwenye milima ya Uluguru kule Tanzania, watu nao hawakuwa na desturi hii mpaka Chuo Kikuu cha Sokoine kilipowapelekea mbuzi wa maziwa wa Norway miaka ya 1980. Leo wanayanywa. Desturi ya chakula inabadilika, lakini haibadiliki kwa semina.

Ndipo tukafika kwenye neno lililonipeleka. Mama mwenye nyumba alikuwa na jike mwenye mimba ya mwezi mmoja. Aliniuliza jambo moja tu: "Yaya, utakuwa hapa?"

Swali dogo, lakini nilikaa kimya. Mbuzi anabeba mimba miezi mitano. Imebaki minne. Akizaa jike, ananyonya miezi minne hivi ndipo namrudisha. Akizaa dume, nangoja mimba nyingine, na hesabu inavuka mwaka na nusu. Na mimi nina kaka Pweto. Tangu Desemba 2021, misafara ya wanaorudi kwa hiari ilipoanza kutoka Mantapala, ananipigia simu: nyumba ya baba bado ina kuta, rudi. Kila anapopiga namwambia, tutaona. Tangu Kenani, mwaka 2017, jibu langu kwa kila kitu ni hilo. Mwembe sikupanda, kwa sababu tutaona. Paa la majani sikulibadilisha, tutaona.

Hapa naomba ndugu zetu wa mashirika wanisikilize kidogo. Shirika moja lilitupa mafunzo ya ufugaji siku tatu, tukapewa cheti na soda. Mradi wenyewe ulikuwa wa miezi sita. Mbuzi hajui miezi sita. Mnapopanga jambo la mifugo, hesabuni kwa tumbo la mbuzi, msihesabu kwa ripoti. Na sisi wakaaji tusijidanganye: mtu anaweza kukaa miaka mingi akingoja, na bado asiwe amengoja kitu chochote hasa. Yule mzee wa Masisi naye anangoja kwao. Lakini wakati huohuo anangoja maziwa yagande, na hayo anayaona kila siku.

Nilimjibu mama: nitakuwa hapa mpaka deni liishe. Tuliandikiana mbele ya mwenye kijiji, mbuzi nikamleta taratibu, siku nzima njiani, anakula kila kichaka.

Kaka alipopiga nilimweleza yote. Nitakuja, nikasema, lakini kwanza nirudishe mtoto wa watu, na wa kwangu apatikane. Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na utamukamua kweli?" Nikamwambia ndiyo.

"Na haitanuka?"

Nikamwambia beberu tunamfunga mbali.