Majani Mekundu ya Unyamwezi



Katika vitabu vya shule limo jina moja la Kiingereza linalowasumbua watoto wetu, nalo ni jina la yale majira ya nchi za baridi ambapo majani ya miti hugeuka rangi kisha yakaanguka. Kamusi nyingine hulifasiri kuwa ni "vuli", na mtoto wa pwani akisoma hivyo hucheka, kwani vuli aijuayo yeye ni zile mvua ndogo za baina ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, siku ambazo majani yanaota wala hayaanguki. Wengine husema "majira ya kupukutika majani", jina refu kama treni ya mizigo. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri baharini walikuwa na demani, pale kusi inapolegea na kaskazi haijashika, bahari ikatulia na kila mtu akakumbuka safari yake. Lakini demani ni jina la upepo na bahari, si jina la majani.

Kwa Kiarabu ni kharif, nalo asili yake ni kuchuma matunda. Waarabu wa kale waliyapenda majira hayo hata wakahesabu miaka kwayo. Ndiyo maana katika ile hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayoeleza fadhila ya kufunga siku moja katika njia ya Mwenyezi Mungu, umbali wa mtu na moto umepimwa kwa kharif sabini, nasi walimu tunapofasiri husema miaka sabini na kupita. Na jamaa zetu walioko Salala, kule Oman, wao wakikwambia kharif wanakusudia ukungu na manyunyu yanayoanza mwishoni mwa mwezi wa sita, milima ikawa kijani wakati nchi yote iliyobaki inaungua kwa joto. Neno ni moja, na kila watu wamelivisha nguo ya kwao.

Mimi nimezaliwa Pangani, nikasoma vyuoni huko huko na Tanga, na mwaka 1987 nikaja bara kusomesha. Sikukusudia kukaa. Niliambiwa miaka miwili, na leo nina zaidi ya miaka sitini, nywele ni nyeupe, na watu wa Isikizya wameacha kuniuliza nitarudi lini pwani. Isikizya ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nje ya mji wa Tabora. Hapana bahari, hapana kusi wala kaskazi. Pana kifuku na kiangazi basi. Mvua huanza mwezi wa kumi na moja zikaisha mwezi wa nne, na baada ya hapo ni miezi sita kamili usioweza kuona tone.

Mtu wa pwani akisikia habari ya miezi sita bila mvua humhurumia aliyekaa huko. Nami nilijihurumia mwaka wa kwanza. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku ilinipata kwenye magoti, kwani hapa tuko juu, kiasi cha mita elfu moja na mia mbili juu ya bahari, na shuka la Pangani si kitu mbele ya alfajiri ya Unyamwezi. Mwezi wa nane majani yakaanza kuanguka. Msitu wote unaozunguka kijiji ni miombo, na jina hilo ni la Kibantu cha huku huku, ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelichukua wakaita kwalo misitu yote ya aina hii, kutoka Tanzania mpaka Angola na Zimbabwe. Basi miombo ile ikapukutika. Ukitembea njiani ulisikia miguu yako mwenyewe mbele na nyuma. Ardhi ikawa ya rangi ya mkate uliokauka, moshi wa mioto ya msituni ukatanda, na jua la jioni likawa kubwa na jekundu kama sinia. Nikasema moyoni, hapa pamekwisha.

Mwezi wa tisa ulipoingia nikatoka baada ya sala ya alfajiri kumwangalia mgonjwa kijiji cha pili. Nilipofika kwenye mteremko nikasimama. Msitu ulikuwa umegeuka. Miti mingine ilikuwa na rangi ya shaba, mingine nyekundu kama zabibu, mingine rangi ya mdalasini, na jua likiwa nyuma yake majani yale yalipitisha mwanga kama vioo vya taa. Nikadhani ni moto. Nilipokaribia nikayashika: yalikuwa laini, yamelegea, yana umande. Yalikuwa majani machanga.

Hapo ndipo nataka msomaji anielewe. Mpwa wangu anayeishi Uingereza hunitumia kwa simu picha za miti ya huko katika mwezi wa kumi, nayo ni mizuri, hapana shaka. Lakini wekundu wa huko ni wa kuaga. Jani limefanya kazi yake, ule ukijani umeondoka, rangi zinajitokeza, kisha upepo unalichukua na theluji inafuata. Wekundu wa Unyamwezi ni wa kuzaliwa. Jani la mwombo huja duniani likiwa jekundu, likakaa hivyo kwa siku kadhaa, likapita kwenye shaba na hudhurungi, ndipo likawa kijani. Wataalamu wengi wanaona kuwa rangi ile ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali, na wengine huongeza kuwa yawafukuza wadudu walao majani.

La ajabu zaidi ni kwamba mambo haya hutokea kabla ya mvua. Mwezi wa tisa na wa kumi ndio wakati wa joto kali kabisa huku, visima viko chini, mbuzi wanakonda, na mti umesimama katika udongo mkavu kama unga. Na hapo ndipo unapotoa majani mapya, majuma kadhaa kabla ya wingu la kwanza. Maji yenyewe unayatoa chini sana kwenye mizizi na katika akiba iliyomo ndani ya shina. Nilipokuwa kijana nikifasiri Suratul-An'am, nilipofika ile aya ya 59 inayotaja jani lililoanguka, nilikuwa nikipita haraka kwenda kwenye mengine. Siku hizi nikifika hapo nawatoa wanafunzi nje tukaangalie.

Mninga nao una desturi yake. Ndio ule mti wa mbao nzuri tunaoupenda pwani kwa vitanda na milango, na wengi wetu tumelala juu yake bila kuwahi kuuona ukiwa hai. Mwisho wa kiangazi, ukiwa hauna hata jani moja, hujaa maua ya manjano kwa muda mfupi, na nyuki huvuma juu yake hata ukapata kudhani kuna mashine. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu. Watoto huogopa.

Njia hii ya Tabora tunaisoma katika tarehe kwa majina ya wakubwa, mara Tippu Tip, mara wazungu waliopita. Burton na Speke waliwasili Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, baada ya siku 134 tangu kuondoka pwani. Ukihesabu utaona kuwa safari yao yote ilikuwa ya kiangazi, na misafara mingi ilikuwa hivyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakishuka pwani mvua zikikatika, wakajitahidi kurudi kabla ya kilimo, maana mke na watoto hawali shanga. Basi nadhani macho yao, wakirudi na mizigo ya nguo na chumvi, yaliitafuta miombo myekundu kama baharia atafutavyo minazi ya kwao. Chuma na Susi na wenzao walipoubeba mwili wa Livingstone kutoka kusini walifika hapa Unyanyembe mwezi wa Oktoba 1873, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari mwaka uliofuata. Wametajwa sana kwa uaminifu wao, na wanastahili. Hakuna aliyewauliza msitu ulikuwa na rangi gani. Mwaka 1912 reli ilipofika Tabora, ule mwendo wa miezi ukawa siku, na nafikiri ndipo watu wa pwani tulipoacha kuijua nchi hii, kwani treni nyingi hupita sehemu zake nzuri usiku.

Miembe waliyopanda wale wasafiri bado ipo, nayo huzaa mvua zinapoanza. Kabla yake kuna ukwaju, na kuna mbula, tunda la rangi ya udongo linalookotwa chini ya mti, lenye harufu inayokufikia kabla hujaliona. Kwa hiyo Waarabu walilenga: kiangazi kikiisha ndiyo kharif hasa, watu wanaokota.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi. Nyuma ya chuo chetu pana kipande cha msitu kisichofika ekari mbili, miombo na mininga michache. Chuo chenyewe ni cha matofali na paa lake limechoka. Mwaka jana katika kikao cha wazazi ilitolewa rai kwamba miti ile iuzwe kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na fedha zitakazopatikana tununue bati. Huku tumbaku ndiyo fedha ya watu wengi, na ile inayokaushwa mabanini hula kuni kwa siku nyingi mfululizo. Ukisafiri leo utaona mwenyewe mahali ambapo zamani kulikuwa na msitu na sasa pana visiki na mashamba. Mkaa na matofali ya kuchoma yamefanya sehemu yao pia, wala sitaki kumbebesha mkulima wa tumbaku mzigo wote.

Aliyetoa rai ile si mtu mbaya. Ana watoto watatu chuoni. Akasimama akasema, "Maalim, watoto wananyeshewa. Miti itaota tena, lakini mtoto akiacha kusoma harudi." Maneno mazito hayo, na sikuwa na jawabu la haraka. Hadithi ya Anas juu ya mwenye kupanda mti wote tunaijua, lakini nayo haiwakingi watoto na mvua.

Aliyemjibu ni mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alimwachia mizinga sita ya magogo, na minne kati yake imetundikwa katika miti hiyo hiyo. Mizinga huvunwa hasa mvua zikishakatika, na asali hiyo ndiyo humnunulia madaftari na sare. Hakusimama. Alisema kutoka pale alipokaa na wanawake wenzake, "Shehe, mkishaikata hiyo miti, nyuki mtawaandikia barua?" Watu wakacheka, kikao kikalegea, na jambo likaahirishwa.

Watoto wangu walioko Tanga wananiambia nirudi, maana hospitali ziko karibu na hewa ya bahari ni nzuri kwa magoti. Wana haki ya kusema hivyo. Nimewajibu kuwa nitakuja baada ya jambo hili la miti kwisha, nao wanajua kuwa mambo ya vikao hayaishi upesi.

Mwaka huu mwezi wa kumi darasani kulikuwa kama tanuri, nikawatoa wanafunzi wakasoma chini ya ile miombo. Juzuu mikononi, majani mekundu juu ya kofia zao. Yule baba wa kikaoni alipita na baiskeli, akashuka, akasikiliza kidogo mwanawe akisoma, akaenda zake. Hakusema kitu wala sikumwuliza.

Mvua ya kwanza ilipiga usiku mwezi wa kumi na moja. Asubuhi ardhi ilinukia, na jioni kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu, watoto wa kijiji wakikimbia na mabeseni na taa. Sisi tufuatao Imamu Shafii mdudu tunayemla ni nzige tu, lakini nilisimama barazani nikatazama mpaka wakaisha, na jirani yangu asiye wa dini yetu akaniletea uyoga badala yake, akijua. Paa lilivuja mahali patatu. Tukahamia kwenye baraza ya msikiti.

Kikao kitakaa tena mahindi yakishapandwa. Bati zinazotakiwa ni thelathini na mbili. Hivi sasa tunazo kumi na moja, na saba kati ya hizo zimetokana na asali.