Kiongoroni: Chombo Kimoja, Mafungu Matatu

Kama na wewe unalala na mtu anayepiga hesabu za utajiri kila umeme unapokatika, tuko pamoja. Wangu alikuwa na wazo la lori. Tuache kazi wote wawili, tuchukue mkopo, tununue Fuso iliyotumika, tupige mzigo Dar mpaka Songea, mimi na yeye kwa zamu. Alikuwa ameona kwenye YouTube wanandoa wa Marekani wanavyofanya. Huko sheria inamruhusu dereva wa mizigo saa 11 za usukani, kisha lazima apumzike saa 10. Wakiwa wawili, mmoja anaendesha, mwenzake amelala kitanda cha nyuma, na lori halisimami. "Mishahara miwili, gari moja," akaniambia gizani, kwa furaha utadhani mkopo umeshaingia. Leseni ninayo, tena ya gari dogo, lakini kwenye ndoto za mume wangu hicho si kikwazo.

Hesabu zile zilikuja kukosolewa mahali ambako lori haliwezi hata kufika.

Tulikwenda Kiongoroni kumsalimia shangazi yake, ahadi ya miaka. Ni moja ya kata tano za delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, pamoja na Mbuchi, Maparoni, Msala na Salale. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unaiacha barabara kuu ya kusini na kuelekea Nyamisati. Hapo barabara inakwisha na maji yanaanza. Vaa kandambili. Mimi nilivaa raba nyeupe, sitaki kulizungumzia hilo.

Uzuri wa huko usiniulize, nitakuchosha. Huu ndio msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, na boti ikishaingia ndani yake unapotea kabisa: mkono wa mto unagawanyika, unagawanyika tena, kila kona inafanana na ile uliyoiacha. Wajerumani waliificha humu manowari yao, Königsberg, na Waingereza walilazimika kuleta meli maalumu zinazoelea kwenye maji machache ndipo wakaimaliza, Julai 1915. Mume wangu alinisimulia habari hiyo yote kwa sauti kubwa. Mwanamke aliyekaa mbele ya boti akageuka, akasema bila kucheka, "Shemeji, tunyamazie kidogo, nasikiliza maji."

Alikuwa mke wa nahodha. Ameshika pondo, anapima kina, anamwonyesha mumewe kwa mkono: kulia, kushoto, punguza. Njiani wakabadilishana, yeye akaenda nyuma kushika mashine, bwana akaja mbele. Nauli anakusanya mama. Mzigo wa mchele na madumu ya petroli anaupanga mama. Majina yao siyaandiki, hawakupanda boti ili watoke gazetini.

Kurudi ndiko kulikotufunza. Tulipanga kuondoka Jumapili asubuhi, nikauliza boti inatoka saa ngapi, shangazi akaniangalia kama mtoto. Boti inatoka maji yakiruhusu. Maji ya leo si ya jana, kila siku yanachelewa kama dakika 50, na vijito vingine yakipwa unaona tope tupu. Ikawa tunasubiri. Mke wa nahodha akaja kukaa nasi barazani, anachambua mchele, na mume wangu, si unamjua tena, akaanza kumpigia hesabu zake za Fuso.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwaga punje za mchele kwenye ungo, akazigawa.

"Tuseme safari imeingiza laki moja. Shemeji, una shilingi ngapi?"

"Laki moja."

"Huna. Ya petroli je? Tuseme elfu arobaini." Akasogeza pembeni. "Iliyobaki sitini ni mafungu matatu. La chombo, la nahodha, la kwangu. Ishirini, ishirini, ishirini."

Mume wangu akadai chombo si chao? Basi fungu lile pia ni lao. Hapo ndipo mama alipocheka kwa mara ya kwanza.

"Ndivyo tulivyokuwa tunasema na sisi."

Kumbe walikuwa wanalila fungu la chombo. Bati la nyumba likatoka humo, ada ikatoka humo, na kila mtu kijijini akaamini wanandoa wale wana hela. Mashine ikafa. Hawakuwa na hata ya kununua vipuri, ikabidi wakodi mashine ya tajiri mmoja, kila safari wanamkatia yeye kwanza. Misimu miwili wanafanya kazi wawili na kula ya mmoja. Petroli ilipovuka shilingi 3,200 kwa lita Dar es Salaam mwaka 2023, nao delta inawafikia kwa madumu na bei imeongezwa njiani, wakafika mahali pa kununiana ndani ya boti moja. Hebu fikiria: umemnunia mtu ambaye ndiye anayekuambia kulia kuna fungu la mchanga!

Sasa fungu la chombo linakaa kwenye kopo lake, na hakuna anayeligusa bila mwenzake kuwepo. Lakini lililonikaa mimi kichwani ni lile la tatu. Zamani hela yote ilikuwa inaingia mfuko wa bwana, kwa kuwa "sisi ni kitu kimoja". Mama akawa anaomba hela ya sabuni kwenye kazi anayoifanya mwenyewe. Siku aliyogoma kupanda, nahodha akaajiri kijana wa kushika pondo, na jioni kijana akadai ujira wake. "Akalipa bila kuuliza," mama akasema. "Kesho yake nikamwambia, basi na mimi nipe cha yule kijana."

Nikamuuliza siku za kazi kwa mwezi. Akanijibu kwa maji: bamvua zinakuja mara mbili, siku hizo wanapita njia zote, hata za mkato. Yakija maji mafu, vijito vidogo havijai vya kutosha, wanazunguka njia ndefu na petroli inaliwa, au wanakaa. Masika nayo ina yake. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoikumba Rufiji na Kibiti, magogo yalikuwa yanateremka na maji, hakuna aliyethubutu kusafiri usiku. Siku za kukaa, kopo haliongezeki, na watu wawili wamekaa, si mmoja. Akaomba niliandike hilo la mwisho kwenye kitabu changu. Nikaliandika.

Ndicho ambacho hesabu yetu ilikuwa haina. Wamarekani wale wa YouTube hulipwa kwa maili, na maili ya lori ni moja hata ndani wakiwa wawili, wanagawana. Faida yao ni kwamba lori halilali. Fuso yetu ingelala: kusubiri mzigo Songea, kusubiri gereji, na siku hiyo hiyo mshahara wangu wa ofisini ungekuwa umeshakufa.

Maji yalijaa alasiri. Tulirudi kimya, mimi nimekaa karibu na mama mwenye pondo, raba zangu zimeshakuwa za rangi ya tope. Foleni ya Mbagala ikatukamata, na hapo kwenye daladala mume wangu akaniomba kalamu. Akaandika "chombo" nyuma ya risiti, akapiga mstari, akaandika "mimi", akapiga mstari. Kisha akanitazama.

"Wewe nikuandikie ngapi?"

Nikamwambia aanze na ninaolipwa sasa hivi. Akaandika, akaitazama ile namba mpaka tukafika Zakhem.