Mtama wa Gishora

Nilikuwa na miaka tisa nilipofika Gishora mara ya kwanza. Tulitoka Muyinga alfajiri, mimi na baba mdogo, tumekaa juu ya magunia ya maharage nyuma ya pikapu, tukapita Karuzi, na tulipoingia Gitega vumbi lilikuwa limenijaa hadi kwenye kope. Maharage yalipouzika alinishika mkono. "Twende, nikuonyeshe ngoma za mwami, za mfalme."

Sisi watoto wa Waswahili wa Muyinga tulijua dufu la Maulidi. Ngoma kubwa za Burundi tulizisikia redioni. Gishora, kilomita kama saba kutoka Gitega, nilikuta ua wa miti, nyumba za nyasi, na mzee aliyenyamaza kabla ya kutaja majina ya ngoma mbili zilizotunzwa pale: Ruciteme na Murimirwa. Anayefyekewa msitu, na anayelimiwa. Kirundi na Kiswahili ni ndugu; sikuhitaji mkalimani kusikia jembe ndani ya majina hayo.

Kisha akauchukua mkono wangu, akautembeza juu ya ngoma ya kawaida iliyosimama uani. Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juu, icahi, jina lilelile la ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni. Vigingi vinavyoibana, amabere, matiti ya mama. Kiwiliwili, inda, tumbo. Chini kabisa, umukondo, kitovu. Kigingi kimoja kilikuwa kimelainika kwa kushikwa, na mpaka leo nakihisi kwenye ncha za vidole.

Alitusimulia Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Mwami alionja ugali wa mtama mbele ya watu, ngoma zikalia, na ndipo nchi nzima ikaruhusiwa kupanda. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni utawala pia. Ukoloni na wamisionari hawakuipenda sherehe hiyo, na mwaka 1929 ilifanyika kwa mara ya mwisho. Mzee alikuwa ameisikia kwa baba yake tu. Aliieleza kama mtu anayeeleza nyumba alimozaliwa.

Ufalme ulifutwa mwaka 1966, ngoma zikabaki bila mwami. Zikapata wenyeji wapya: sikukuu ya uhuru, viwanja vya ndege, majukwaa ya Ulaya. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walikuwa Uingereza, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD. Vita vilipokuja miaka ya tisini, safari ya Muyinga hadi Gitega ikawa jambo la kuombewa dua. Vilipokwisha, ngoma zikafika hata kwenye harusi zetu Muyinga. Wapigaji wanaingia wamezibeba kichwani huku wakizipiga, wanazipanga nusu duara, na ile ya katikati, inkiranya, inaongoza. Bibi harusi analia. Mimi pia nimelia. Mwaka 2014 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na nilijivuna kama vile ni mimi niliyewamba ngozi.

Halafu mwaka 2017 ikatoka amri: wanawake wasipige ngoma. Mpwa wangu alikuwa akipiga na wasichana wenzake. Akaifunga mirisho yake, vijiti vya kupigia, kwa kitenge, akaiweka juu ya kabati. Najua hoja ya mila, na ni kweli kwamba zamani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume wa koo maalumu. Lakini hata harusi na viwanja vya ndege havikuwa mila. Chombo chenye matiti, tumbo na kitovu, kisha mwenye mwili huo akatazwe kukigusa? Jambo hili linaniuma, na sitalificha.

Nilimpeleka Gishora. Vijana walicheza, wakaruka juu kuliko nilivyokumbuka, wageni wakapiga picha. Walipomaliza, mpwa wangu akaomba kuigusa ngoma tu. Mpigaji mmoja wa makamo akasogea pembeni. Msichana akapitisha kiganja polepole, kutoka amabere hadi umukondo, akauliza, "Mjomba, na mtama wao uko wapi?"

Ulikuwa nyuma ya ua, shamba la mtu, mashuke mekundu yakiinama. Mwenye shamba, mama mwenye mtoto mgongoni, alimpa konzi moja ndani ya leso.

Tuliupanda Desemba, Muyinga, nyuma ya jiko. Jembe alilishika yeye.