Kabati Letu na Maktaba ya Iskandaria

Tumeombwa tuandike machache kuhusu safari yetu ya Misri ya mwaka 2019, tulipokwenda kuongeza Kiarabu. Ya Cairo mmeshayasikia darasani mpaka mmechoka. Leo tutaeleza siku moja tu, ya Iskandaria.

Tulipanda treni pamoja na ndugu yetu wa Pemba aliyekuwa akisoma Al-Azhar. Maktaba hiyo ilifunguliwa rasmi Oktoba 2002, nayo inatazamana na bahari, karibu na mahali inapodhaniwa ilikuwapo ile ya kale iliyoanzishwa na wafalme wa Kiyunani karne ya tatu kabla ya Nabii Issa (A.S.). Kwa mbali utadhani ni sahani kubwa iliyozama nusu ardhini. Paa lake la duara lina upana wa mita 160. Ukuta wa nje ni wa mawe ya Aswan, umechongwa herufi za maandishi ya mataifa mbalimbali, kiasi cha aina 120. Tulitafuta alifu yetu mpaka shingo zikauma.

Ndani, ukumbi wa kusomea umeshuka hatua kwa hatua kama matuta ya shamba la mlimani, na watu 2,000 wanaweza kukaa kwa pamoja. Hapo hapo kuna makumbusho ya miswada ya kale, kumbi za maonyesho na mikutano, jumba la kuonyeshea nyota, na maktaba ya wasioona iliyopewa jina la Taha Hussein, mwandishi mashuhuri wa Misri ambaye naye alikuwa haoni. Lakini kilichotushika ni sehemu ya watoto. Mtoto wa miaka minane hivi alichomoa kitabu mwenyewe, akakisoma, akakirudisha, akachukua kingine. Hakuna aliyemwuliza kama amenawa mikono.

Tulipotoka mwenzetu akasema, "Maalim, unajua kuna wasemao Sayyidna Umar (R.A.) ndiye aliyeamuru maktaba ya kale ichomwe?" Jawabu tulikuwa nalo tayari: Waislamu waliingia Iskandaria karibu mwaka 642, na kisa hicho hakionekani vitabuni mpaka zaidi ya miaka 500 baadaye, wanahistoria wengi, hata wasio Waislamu, wamekikataa, kwani maktaba yenyewe ilikuwa imekwisha kutoweka zamani. Tulijibu kwa ukali kidogo, tukajiona tumeshinda. Kisha tukalikumbuka kabati.

Mnalijua, lile la ofisini. Ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwa kanzu yetu. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja alikuja mara tatu kuazima kitabu cha visa vya Mitume, na mara ya tatu tukamwambia, "Wewe utakichafua." Hakuomba tena, na mwaka uliofuata hakuonekana madrasa. Hatusemi aliacha kwa ajili hiyo, lakini hatuwezi kuapa kuwa siyo.

Tuliporudi nyumbani tukafungua kabati. Rafu ya chini yote ilikuwa imeliwa na mchwa. Kile kitabu cha visa vya Mitume kilibaki jalada tu, ndani udongo. Hakuna jeshi lililopita pale.

Sasa kufuli limeondolewa, na daftari la kuazima liko juu ya kabati, kalamu imefungwa kwa uzi kwani kalamu hapa zina miguu. Mwezi uliopita mtoto mmoja alirudisha kitabu kina alama za vidole vya mafuta ya maandazi. Tulikwisha kufungua kinywa kumkaripia, tukajizuia, tukamwuliza amefika wapi. Akatusimulia mpaka adhana ya Magharibi.

Na yule mwanafunzi wetu, ambaye sasa ni mtu mzima, mzazi anayemfahamu amfikishie salamu zetu. Tumenunua kitabu kingine. Kipo rafu ya juu, na daftarini jina la kwanza ni lake.

Wabillahi tawfiq.