Kutafuta Mbwa Mdogo London Ukiwa Mtu wa Zamu

Kwetu Tanga mbwa alikuwa wa uani. Alilala chini ya mwembe, alikula ukoko na vichwa vya samaki, usiku alibweka, na asubuhi hakuna aliyemuuliza ameamkaje. Nilipokuwa nasomea diploma ya uuguzi niliwadunga sindano za kichaa cha mbwa watoto waliong'atwa wakitoka shule. Mpaka leo mbwa nisiyemjua akinisogelea, kitu cha kwanza ninachotazama ni mdomo wake.

Kwa hiyo binti yangu wa miaka tisa aliponiambia anataka mbwa, tena wa kulala ndani, nilicheka. Yeye kazaliwa hapa London, tunaishi Plumstead, kusini mashariki mwa jiji, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi siku inapojisikia. Hana ndugu. Baba yake ni dereva wa basi, mimi ni muuguzi wa wodi. Wiki hiyo akaandika barua akaibandika kwenye friji, juu ya ratiba yangu ya zamu: "Mama, ukiwa kazini nyumba inakuwa kimya sana." Niliisoma saa tatu usiku, viatu bado miguuni. Sikucheka tena.

Tukaanza kama wengi wanavyoanza, kwa kuuliza mbwa gani ni mzuri. Siku za mapumziko tulizunguka viwanjani kutazama mbwa wa watu. Jumapili moja tulivuka chini ya Mto Thames kwa njia ya miguu ya Greenwich, ile iliyofunguliwa 1902, tukatokea Isle of Dogs, Kisiwa cha Mbwa. Binti alidhani tutawakuta mbwa wamejaa tele. Tulikuta maghorofa ya mabenki kwa mbali na watu wakikimbia mazoezi. Husemwa kwamba wafalme wa zamani waliwaweka huko mbwa wao wa kuwinda, lakini wenyeji wana hadithi zaidi ya moja kuhusu jina hilo.

Mtoto alipenda wale wenye pua bapa, Pug na French Bulldog. Mimi nikiwasikia wakikoroma hali wameamka, mkono wangu unataka kutafuta oksijeni. Si mzaha, mbwa wa sura hiyo wengi wao hupumua kwa shida, hasa siku za joto. Dachshund, yule mrefu kama soseji, ana mgongo unaoumia kwa urahisi, na sisi tuna ngazi za ghorofa tatu. Cavalier King Charles ni mpole ajabu, hata mimi nilimpenda, ila vali za moyo huwasumbua wengi wa ukoo huo. Mgonjwa wa moyo ninaye wodini, wa nyumbani sikumtaka. Jack Russell ni mdogo kwa umbo tu. Alizalishwa kufukuza mbweha mashimoni, na ukimfungia ndani mchana kutwa atachimba kochi.

Mume wangu akaja na hoja ya uzalendo: Basenji. Huyu asili yake ni misitu ya Kongo. Ana uzito wa kilo kumi hivi, hujisafisha kama paka, na habweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji walimfunga njuga shingoni wamsikie porini. Waingereza walimwonyesha kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1937. Na jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi". Tulicheka mpaka machozi, mbwa wa kishenzi wa kwetu leo ana cheti cha ukoo kuliko sisi sote! Lakini ni mwindaji, ana mbio na hila za kutoroka, na akiachwa peke yake hukata vitu kwa meno. Uzalendo ukafia hapo.

Miezi miwili ilikuwa imepita. Kumbe swali lilikuwa jingine, na aliyetuuliza ni mama mmoja wa makazi ya mbwa waliookolewa, siku tuliyokwenda kujiandikisha. Hakuuliza tunapenda mbwa gani. Aliuliza, "Atakaa peke yake kwa muda gani kila siku?" Nikajibu, "Si mrefu." Akaniomba ratiba yangu ya zamu. Nilijihisi kama mwanafunzi aliyeambiwa afungue begi.

Mashirika makubwa ya hapa, kama RSPCA na Dogs Trust, hushauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya saa nne hivi. Sasa hesabu ya kwetu: siku ya zamu yangu ya mchana mume wangu huondoka saa kumi alfajiri na kurudi saa tisa alasiri. Mimi hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa tatu usiku. Kati yetu kuna pengo la zaidi ya saa nane. Yule mama alifunga daftari akatuambia kwa upole kwamba hapana, si kwa sasa. Binti yangu alilia ndani ya basi mpaka Woolwich, na wote waliokuwa garini walinitazama mimi.

Nilikasirika, nakiri. Siku chache baadaye, katikati ya zamu ya usiku, nikaona alikuwa na haki. Mgonjwa asiyeweza kubonyeza kengele ndiye unayemhesabia saa kuliko wote.

Ghorofa ya chini anaishi mzee Mwingereza, mstaafu wa posta, aliyefiwa na mbwa wake mwaka uliotangulia. Nilimpelekea pilau, nikamweleza. Akasema angependa kutembea na mtu asubuhi, hata awe na miguu minne. Siku za zamu yangu huja saa nne na nusu, wanakwenda Plumstead Common, wanarudi saa sita. Pengo limegawanyika mara mbili. Mtembezaji wa kulipwa alitaka paundi 15 kwa saa moja. Mzee hulipwa chapati.

Kisha umri. Mtoto wa mbwa hutaka kutolewa nje kila baada ya muda mfupi, kama mtoto mchanga asiye na nepi, na kwa mtu wa zamu hilo haliwezekani. Tena kuna walaghai. Tangu Aprili 2020, England imekataza maduka na madalali kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita. Unamwendea mzalishaji mwenyewe, unamwona mtoto akiwa na mama yake, au unakwenda kwenye makazi ya kuokoa mbwa, kama yale aliyoyaanzisha Mary Tealby mwaka 1860 huku watu wakimcheka, ambayo tangu 1871 yako Battersea. Mwenzangu wodini alituma malipo ya awali kwa ajili ya picha ya mbwa, akabaki na picha.

Tulirudi na ratiba mpya, na tukakubaliwa. Tulipewa jike la miaka minane, chotara asiye na cheti, kilo saba, manyoya mafupi ya rangi ya karanga. Kilo saba si jambo dogo London: kwenye ngazi za umeme za treni za chini ya ardhi unatakiwa umbebe. Binti alimwangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Atakufa nikiwa sekondari?" Nikamwambia huenda. Wodini siwadanganyi ndugu wa wagonjwa. Akanyamaza, halafu akamwita Karanga.

Lililobaki ndilo nililoliogopa zaidi. Jirani yetu wa mlango wa pili ni mama wa Mombasa, Mwislamu, ambaye binti humwita Shangazi. Ndiye anayempeleka shule na wanawe, na nikiwa zamu ya usiku binti hulala kwake. Kwa madhehebu yake mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bila Shangazi, mimi sina kazi. Nilimwendea kabla ya kumleta mbwa.

"Sikiza, mwanangu," alisema. "Mtoto ni wangu. Mbwa ni wako. Asivuke kizingiti changu."

Binti ana nguo zake kwa Shangazi, huoga na kubadilisha akifika. Karanga hupita korido akiwa amebebwa, na mkanda wake una jina na anwani yetu kama sheria inavyotaka. Hatujawahi kuteleza, na mimi ndiye polisi wake.

Mwezi uliopita barabara zilifungwa, mume wangu akachelewa, na mimi nikafika nyumbani kwanza. Nilipotoka kwenye ngazi nilimsikia Karanga akilia ndani. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mlango wangu, hatua mbili nyuma, ameshika pindo la buibui lisiguse sakafu.

"Nyamaza, we," alikuwa akimwambia. "Mamako yuwaja."