Kichwa cha Treni cha Yatima



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunapenda kuzungumzia kazi ya mikono tuliyofanya na vijana wetu hapa Arua wakati wa likizo. Kazi yenyewe ilikuwa kupaka rangi upya na kuandika upya herufi za kichwa kidogo cha treni ya dizeli, kilichotengenezwa kwa mbao na bati. Ni mali ya mwanafunzi wetu kutoka Koboko. Alikichonga marehemu babu yake, aliyefanya kazi ya reli Pakwach. Baba wa mtoto naye ameshatangulia mbele ya haki.

Vijana wengine waliuliza, treni inatuhusu nini sisi watu wa West Nile? Tukawaeleza kwamba reli kutoka Tororo ilifika Gulu mwaka 1963 na Pakwach mwaka 1964, ikakomea hapo kwenye mto Nile. Arua na Koboko haikufika.

Kazi tuliipanga hivi:

1. Kusugua kutu na rangi iliyobambuka kwa msasa laini, kisha kuosha kwa sabuni na kukausha vizuri.

2. Kupaka rangi nyepesi mara mbili au tatu. Rangi nzito ikipakwa mara moja huchuruzika.

3. Kuandika herufi, kisha kupaka vanishi.

Herufi ndizo ngumu. Neno RAILWAYS lina herufi nane, na mtu hudhani katikati yake ni baina ya L na W. Sivyo! I ni nyembamba na W ni pana, kwa hiyo WAYS huchukua nafasi kubwa kuliko RAIL. Ukigawa kwa kuhesabu herufi, S itakosa mahali. Dawa yake ni kukata herufi za karatasi, kuzipanga kwanza, na kuliacha jicho liamue.

Basi tulipokuwa tukisugua ubavuni, chini ya maneno UGANDA RAILWAYS zikajitokeza herufi za zamani: EAR. Hilo lilikuwa shirika la reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977, na kila nchi ikabaki na reli yake. Mzee alikuwa amebadilisha jina kwa mkono wake, kama injini za kweli zilivyobadilishwa.

Hapo vijana wakagawanyika. Wengine walitaka EAR irudi, na wengine walitaka jina la madrasa yetu, kwa kuwa rangi tumenunua sisi. Tukasimamisha msasa. Kununua rangi hakumpi mtu haki juu ya mali ya yatima. Tukasafiri hadi Koboko kumuuliza mama yake.

Mama alikitazama kimya kwa muda, kisha akasema: "Maalim, hizo herufi za chini sikuwahi kuziona. Msizifunike. Upande wa pili andikeni kama alivyoandika yeye." Ndivyo tulivyofanya, na ubavu wa EAR tukaupaka vanishi tu.

Wazazi wapenzi, majumbani mwetu kuna masanduku, mbao za kusomea na vitu vingi vya wazee vyenye maandishi yao. Kabla ya kupaka rangi mpya, piga picha, nakili maandishi, na umuulize mwenye mali. Rangi hununuliwa dukani, lakini mwandiko wa marehemu hauuzwi popote.

Wabillahi tawfiq.